Mfumo Wako Unahitaji Nini?

Mazungumzo kwa wanafunzi na maofisa wa TEHAMA, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wangu, maofisa mliotoka Wete, Mkoani na Micheweni, vijana wa skuli na vyuo, nakushukuruni kwa kufika. Wengine mmeacha kazi mezani na wengine mna mitihani, kwa hivyo naingia kwenye jambo lenyewe bila ya kuzunguka.

Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja, na haukurudi hadi Machi 2010. Kwa karibu miezi mitatu kisiwa kiliishi kwa majenereta, na asiyekuwa na jenereta aliishi kwa kandili. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Sababu ilikuwa moja tu: hitilafu kwenye njia ya waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni, Bara, kuja Fumba, Unguja. Sasa mchukue kinyozi wa Darajani. Ungemuuliza mwezi wa Novemba kazi yake inategemea nini, angekwambia mashine, kioo na wateja. Asingeitaja Fumba. Lakini kazi yake ilikuwa inaitegemea Fumba kila siku ya Mungu, ila utegemezi huo haukuandikwa popote na hakuna aliyeufikiria mpaka ulipokatika.

Hapa Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, na waya wetu wa kutoka Tanga ukawashwa mwaka huo huo wa 2010. Kwa hivyo na sisi sasa tuna Fumba yetu.

Nimeanza na umeme kwa sababu programu zilizomo maofisini mwetu ziko katika hali ile ile ya kinyozi. Muulize mwenye mfumo unafanya nini, atakueleza mpaka alasiri iingie: unasajili, unatoa risiti, unatuma ujumbe, unatengeneza ripoti. Kisha muulize: ili ufanye hayo yote, unahitaji nini kutoka kwa nani? Hapo ndipo pananyamaza. Ipo aina ya mchoro iliyobuniwa kwa ajili ya suali hilo, nao ni mchoro wa vijenzi, yaani wa sehemu zinazounda mfumo. Ndani ya mchoro huo ipo alama moja ndogo, nusu duara, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Leo nataka tukae na nusu duara hiyo.

Kwanza tuijue lugha yenyewe. Michoro hii inatoka katika UML (Unified Modeling Language), lugha ya kuchorea mifumo ya programu, iliyoanzishwa na Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, na kupitishwa kuwa kiwango na OMG (Object Management Group), taasisi ya viwango vya programu, mwaka 1997. Wazo la kujenga programu kwa vijenzi ni la zamani zaidi. Mwaka 1968, kwenye mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mtaalamu wa programu Doug McIlroy alisimama akasema programu zijengwe kwa sehemu zilizotengenezwa tayari, zinazoweza kuchukuliwa na kuunganishwa. Mambo mengi tunayoyafanya leo yalianza na rai ile.

Kijenzi ni sehemu ya mfumo iliyofunika mambo yake ya ndani, inayozungumza na wenzake kwa njia zilizotangazwa tu, na inayoweza kutolewa ikawekwa nyengine mahala pake bila ya kuvunja iliyobaki. Kwenye karatasi kinachorwa mstatili, ndani yake jina, na pembeni juu upande wa kulia alama ndogo ya mstatili wenye vipande viwili vilivyochomoza ubavuni. Zile njia zilizotangazwa tunaziita violesura. Kiolesura ambacho kijenzi kinakitoa kwa wengine huchorwa kama mstari wenye duara dogo nchani. Kiolesura ambacho kijenzi kinakihitaji kutoka kwa wengine huchorwa kama mstari wenye nusu duara, kikombe kilichofunguka kinachosubiri kujazwa. Duara la huyu likiingia katika nusu duara ya yule, wanakuwa chanda na pete, na kazi inakwenda.

Hii nusu duara haikuwamo tangu mwanzo. Katika UML ya kwanza duara lilikuwapo, lakini haja ilionyeshwa kwa mshale wa nukta nukta tu. Alama ya haja ilikuja na UML 2, iliyotolewa rasmi 2005. Kabla ya hapo mchoro uliweza kumtukuza mtoaji na kumsahau mhitaji, na tabia hiyo bado tunayo: tangazo la mfumo wowote ule linajaa maduara, hutaona nusu duara hata moja.

Tuchore kitu tunachokijua. Msimu wa karafuu, mkulima anakuja kituoni na magunia yake. Anatambuliwa. Karafuu zinatizamwa ukavu na usafi wake, zinapangwa daraja, zinapimwa, fedha zinapigwa hesabu kwa bei iliyotangazwa, analipwa, anapewa stakabadhi, karafuu zinaingia ghalani. Mfumo nitakaouchora hapa ni wangu wa kufundishia, sielezi mfumo wa ZSTC, Shirika letu linalonunua karafuu, wala wa ofisi yoyote.

Wengi wakipewa kazi hii huchora mstatili mmoja mkubwa, wakauandika Mfumo wa Karafuu, kisha wakauzungushia mishale kama miba ya nungu. Mchoro huo ni kweli lakini hausaidii, maana hauna mahala pa kukata. Mwengine huchora mistatili arubaini, kila ukurasa wa skrini na mstatili wake. Huo nao hausaidii, maana umekata kila mahala.

Basi tukate wapi? Jibu bora ninalolijua lilitolewa na mtaalamu wa programu David Parnas mwaka 1972, na mpaka leo sijaona lililolishinda. Alisema usigawe programu kwa kufuata mtiririko wa kazi, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Igawe kwa kufuata maamuzi yanayotarajiwa kubadilika, na kila uamuzi wa aina hiyo uufiche ndani ya sehemu yake ili ukibadilika usimsumbue mwengine. Sasa tujiulize: katika ununuzi wa karafuu, kipi kinabadilika? Bei inabadilika, Serikali ndiyo inayotangaza. Kipimo cha daraja kinaweza kubadilika. Mizani inaharibika, inaletwa nyengine ya kampuni nyengine inayozungumza na kompyuta kwa lugha tofauti kabisa. Njia ya malipo inabadilika, leo taslimu, kesho benki, keshokutwa simu. Hapo tumeshapata vijenzi vyetu: Bei, Daraja, Mizani, Malipo. Tuongeze Sajili ya Wakulima, kwa sababu habari za watu zina ulinzi wake, na Ununuzi, anayewaita wote hawa kwa zamu. Ghala na Ripoti nitayaacha, si kwa kuyadharau, ila mchana ni mfupi.

Na majina myaandike kwa Kiswahili, jamani. Karani wa kituo ndiye anayejua kwamba karafuu haipimwi kabla ya kutizamwa ukavu. Akiusoma mchoro na akauelewa, atakusahihisha kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu.

Sasa tunaingia penye ugumu, na hapa naomba mnivumilie. Mizani inapima kilo, kilo zinakwenda kwenye Ununuzi. Kijana atachora mshale kutoka Mizani kwenda Ununuzi, kwa sababu huko ndiko kilo zinakokwenda. Katika mchoro wa vijenzi, mshale huo umegeuzwa. Hapa hatuchori safari ya taarifa, tunachora utegemezi: nani hawezi kufanya kazi bila ya nani. Mizani haina habari kwamba Ununuzi upo duniani. Itapima karafuu, itapima mchele, itapima hata mtoto ukimpandisha. Ununuzi ndio utakaokwama Mizani ikiondolewa. Kwa hivyo duara linatoka kwa Mizani, tuliite SomaUzito, na nusu duara inatoka kwa Ununuzi. Ukitumia mshale, unaanza kwa mhitaji na kichwa chake kinamwelekea mtoaji.

Mimi hutumia suali moja kuhakikisha: nikikiondoa kijenzi hiki, nani atalia? Anayelia ndiye mwenye nusu duara. Lijaribuni kwenye michoro yenu ya zamani, mtaona mishale mingi inaangalia kule isikotakiwa, na kila mshale uliogeuka ni utegemezi ambao mtu aliufikiria kinyume alipokuwa akiandika programu.

Baada ya kupata upande, andika jina. Nusu duara isiyo na jina haisemi kitu, na jina kama Data au Taarifa ni sawa na kutoandika. Andika kinachoombwa: SomaUzito, BeiYaSiku, TafutaMkulima, LipaMkulima. Chini ya jina, au kwenye karatasi ya pembeni, andika masharti. SomaUzito inarudisha kilo au gramu? Inasubiri mizani itulie kabla ya kujibu? Mizani ikiwa haikuunganishwa inajibu sifuri, au inasema imeshindwa? Ndugu zangu, baina ya sifuri na kushindwa pana gunia zima la mkulima. Kiolesura ni ahadi baina ya pande mbili, na ahadi isiyotajwa masharti huleta ugomvi siku ya malipo.

Ukishakuwa na ahadi iliyoandikwa vizuri, unapata jambo ambalo ndilo lililomfanya McIlroy asimame kule Garmisch: kubadilisha. Vituo vingine viko mbali na mtandao wake ni wa kuja na kuondoka. Ununuzi unahitaji LipaMkulima, na LipaMkulima inatolewa na Malipo, yenye nusu duara yake inayoielekea benki. Mtandao ukianguka, Malipo haipati benki, Ununuzi haupati Malipo, na mzee aliyeamka alfajiri na magunia yake anaambiwa arudi kesho. Tazameni mchoro sasa. Ununuzi hauihitaji benki. Unahitaji LipaMkulima, basi. Tunaweza kutengeneza kijenzi kingine, tukiite Foleni ya Malipo, kinachotoa LipaMkulima ile ile: kinapokea agizo, kinaliandika kwenye diski ya hapo hapo kituoni, kinatoa namba ya agizo, na mtandao ukirudi kinalipeleka kwa Malipo. Kijenzi hichi kina duara lile lile na nusu duara ile ile, kimekaa katikati. Hatukugusa Ununuzi hata herufi moja.

Lakini kuweni waangalifu, na hili nalisema kwa mkazo. Hilo linawezekana tu ikiwa ahadi ya LipaMkulima ilisema "agizo limepokelewa" na haikusema "fedha zimeshafika". Kama ilisema fedha zimefika, Foleni inavunja ahadi kila inapojibu, hata kama majina yanafanana. Umbo kuingiana si kitu, maana nayo lazima iingiane. Na mkulima aliyeshika stakabadhi lazima asome neno lenye maana hiyo hiyo. Huwezi kumpa karatasi inayosema amelipwa na fedha bado zimelala kwenye diski ya kituo.

Jambo jengine ambalo mchoro hulifichua ni mzunguko wa utegemezi. Ukiandika programu kwa haraka, Ununuzi unaiita Malipo ilipe, na Malipo ikimaliza inauita Ununuzi kumwambia atoe stakabadhi. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Ukifuata mishale kwa kidole, unarudi ulikoanzia. Hapo huna vijenzi viwili, una kimoja kilichokatwa kwa kisu kibutu: huwezi kukijaribu hichi bila ya kile, huwezi kukibadilisha hichi bila ya kukigusa kile. Dawa yake inajulikana. Malipo itangaze kiolesura cha kutoa habari, tukiite HabariZaMalipo, bila ya kujua nani anasikiliza, na anayetaka habari ajiandikishe. Mishale yote ikaelekea upande mmoja. Kazi ya kurekebisha hilo karatasini ni ya dakika chache kwa raba na penseli. Mfumo ukishaingia kazini na msimu umeanza, hakuna atakayekuruhusu kulirekebisha, na ana haki.

Ndani ya kijenzi pia panachoreka. Malipo ukiifungua utakuta kikokotoo cha makato, daftari la malipo, na mjumbe anayezungumza na benki. Pale kwenye ukuta wa Malipo tunaweka kisanduku kidogo cha mraba, huo ni mlango. Agizo la LipaMkulima linagonga mlangoni, na mlango unalikasimu kwa sehemu ya ndani inayohusika. Aliye nje anaujua mlango tu. Hili ni zuri kwa mfumo mkubwa, kwa mdogo msijisumbue nalo.

Mambo mawili yasiingie katika mchoro huu. Seva, ruta na nyaya zina mchoro wake, unaoonyesha programu zimewekwa kwenye mitambo gani. Na mafaili: UML ya kwanza iliruhusu faili liitwe kijenzi, UML 2 ikayatenga, ikayapa alama yake. Bado vitabu vya zamani vinazunguka vyuoni, na mwanafunzi akiviona anachora mafaili yake yote akidhani amechora muundo. Amechora folda.

Sasa nizungumze na maofisa, khasa wale wanaopokea mifumo kutoka kwa wakandarasi.

Ofisi moja, sitaitaja, ilikuwa na mfumo unaowatumia wananchi ujumbe wa simu. Siku moja ujumbe ukaacha kwenda. Mfumo ulikuwa mzima, seva nzima, mtandao mzima. Ikaja kuonekana kwamba huduma ya kutuma ujumbe ilikuwa imelipiwa kwa jina la mkandarasi, mkataba wake ulikwisha, naye akaacha kulipia. Hakuna aliyefanya ubaya. Ilikuwapo nusu duara, na upande wa pili alikuwako mtu asiyejulikana na ofisi.

Kwa hivyo siku ya kupokea mfumo, kabla ya saini na kabla ya fedha ya mwisho kutoka, takeni mchoro wa vijenzi. Kisha chukueni kalamu nyekundu mzifuate nusu duara zinazotoka nje ya mpaka wa mfumo: kitambulisho cha mwananchi kinahakikiwa na nani, malipo yanapitia wapi, ujumbe unatumwa na kampuni ipi, ramani inatoka wapi, saa ya mfumo inasawazishwa na nani. Kila moja iandikieni mtoaji, mkataba uko kwa jina la nani, unakwisha lini, na siku ile mtoaji asipopatikana kazi itaendelea vipi. Nusu duara ambayo hamuwezi kuiandikia mtoaji, mfumo huo msiupokee. Mkandarasi mwema hatachukia. Mkandarasi asiyeweza kuuchora mfumo alioujenga mwenyewe amekwishakujibuni kwamba mkimhitaji kesho kuurekebisha, naye atakuwa anakisia.

Najua mtaniambia michoro huzeeka. Ni kweli, mchoro wa mwaka juzi uliotundikwa ukutani unaweza kudanganya. Ndiyo maana sipendi mchoro uliochorwa kwa kipanya ukahifadhiwa kama picha kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Ipo programu ya bure, PlantUML, unayoiandikia mchoro kwa maandishi: mistari michache ya kusema kijenzi hichi kinakihitaji kile, nayo inachora. Maandishi hayo yakae pamoja na programu yenyewe ndani ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la programu. Anayeongeza utegemezi mpya aongeze na mstari wake, na anayemkagua aukatae mzigo wote mpaka mstari uwemo.

Na jengine kwa wakuu wa idara. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa mfumo unaofanana na mawasiliano ya taasisi yenyewe. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Idara mbili zisizozungumza zitapata sajili mbili za wakulima, na mkulima mmoja ataandikwa mara mbili kwa majina yaliyoandikwa tofauti kidogo. Mtaalamu wa programu hawezi kulitatua hilo peke yake. Anachoweza ni kuuweka mchoro mezani na kusema: hizi hapa sajili mbili, zote zinatoa TafutaMkulima, nani ataacha ya kwake? Suali hilo ni la wakuu, na linajibika wakikaa pamoja karatasi ikiwa mbele yao.

Nimesema ya kutosha, mikono sasa ifanye kazi. Karatasi na penseli zinakuja, msitumie kompyuta. Kaeni wanne wanne, na kila kundi liwe na angalau ofisa mmoja na mwanafunzi mmoja, maana ofisa anaujua mfumo na mwanafunzi haoni haya kuuliza. Chagueni mfumo mmoja ambao ofisa anaufungua kila asubuhi kazini kwake. Maduara msiyaguse kwanza. Anzeni na nusu duara zinazotoka nje, mkiandika jina la kila moja na mtoaji wake. Mkifika kwenye ile ambayo hakuna kundini anayemjua mtoaji, nyanyueni mkono, nitakuja.